Dameski ilianguka lini?



Wiki hii nimetumiwa video ile ile na watu saba wa kanisa letu. Ni ya mhubiri mmoja wa ng'ambo. Nyuma yake kuna ramani inayowaka moto, na mkononi ana Isaya 17:1. Anasema mji wa Dameski uko karibu kugeuka magofu, na siku hiyo ikifika, saa ya mwisho imeanza kuhesabiwa. Dada mmoja aliituma akaandika chini yake: "Pastor, hii ni kweli? Nilipe karo ya muhula wa pili ama ningoje kwanza?"

Mwingine angecheka. Mimi sikucheka, kwa sababu mahubiri hayo niliyahubiri mwenyewe. Ilikuwa mwaka wa 2013, wakati dunia yote ilikuwa inangoja kuona kama Marekani itaipiga Syria. Nilisimama madhabahuni na Isaya 17 na gazeti la siku hiyo, nikawaambia watu kwamba mwaka hautaisha kabla Dameski haijaisha. Watu walipiga makofi. Ndugu mmoja aliacha kuweka pesa kwenye chama chao, akasema za nini tena. Mwaka ukaisha. Dameski ikabaki. Hakuna mtu hata mmoja aliyekuja kuniuliza, Pastor, lile neno lilikuwaje? Kumbukumbu la Torati 18:22 inasema wazi cha kufikiri juu ya neno lililonenwa kwa jina la Bwana na lisitokee. Isaya hakukosea. Aliyekosea ni mimi, nami niliomba msamaha mbele ya kanisa, kwa kuchelewa. Na baada ya mambo tuliyoyaona Shakahola, mchungaji yeyote wa Kenya anayecheza na siku za mwisho ili apate amina anajua sasa anacheza na nini.

Kwa hiyo leo tusome polepole. Fungua Isaya 7, 8 na 17. Weka kidole kingine kwenye 2 Wafalme 15 na 16, na kingine 2 Mambo ya Nyakati 28. Ni vita moja inayosimuliwa katika vitabu vitatu.

Kwanza ujue nani ni nani, maana wengi hupotea hapa. Wakati huu Israeli na Yuda ni falme mbili, tangu siku za Rehoboamu. Israeli iko kaskazini, mji wake mkuu Samaria, na Isaya huiita pia Efraimu. Yuda iko kusini, mji wake mkuu Yerusalemu. Juu ya Israeli kuna Shamu, ambayo mji wake mkuu ni Dameski. Kandokando kuna Wafilisti upande wa bahari, Waamoni, Wamoabu na Waedomu upande wa pili. Zote ni falme ndogo, zinazogombania malisho, barabara na bandari. Na mbali huko mashariki, kando ya mto Tigrisi, kuna Ashuru.

Mwaka 745 KK mtu anayeitwa Tiglath-pileseri alikalia kiti cha Ashuru. Biblia humwita pia Pulu. Wafalme wengi wa Ashuru waliomtangulia walizoea kuja, kupora, na kurudi nyumbani. Huyu alikuja na kukaa. Nchi aliyoiteka aliigeuza jimbo, akaiwekea liwali wake, akawang'oa wenyeji na kuwapeleka mbali. Falme zote ndogo zikaanza kuishi kwa hesabu moja: nilipe, ama nipigane?

Menahemu mfalme wa Israeli alilipa. 2 Wafalme 15:19-20 inasema alitoa talanta 1,000 za fedha, na akazitoza kwa matajiri, kila mtu shekeli 50. Piga hesabu. Talanta moja ni shekeli 3,000, kwa hiyo ni shekeli milioni tatu. Ukigawa kwa 50 unapata watu 60,000 waliokamuliwa ili mfalme mmoja abaki kitini. Maandishi ya Tiglath-pileseri mwenyewe yanamtaja Menahemu wa Samaria kati ya waliomletea kodi. Mtu akikuambia Biblia ni hadithi za kulalia, mwonyeshe hapo.

Watu waliolipishwa hivyo hukasirika. Mwana wa Menahemu alipotawala miaka miwili, ofisa wake Peka alimuua akajitawaza. Huyo Peka akaungana na Resini mfalme wa Dameski. Biblia haisemi waziwazi ni kwa nini, lakini wanahistoria wengi wanaelewa hivi, na mimi nakubaliana nao: walitaka falme ndogo zisimame pamoja dhidi ya Ashuru, na Yuda ilikataa kuingia. Kwa hiyo wakaamua kumwondoa mfalme wa Yuda na kuweka wao kibaraka, mtu ambaye Isaya 7:6 inamwita mwana wa Tabeeli tu, bila hata kumpa jina lake mwenyewe.

Mfalme wa Yuda ni Ahazi. Alianza kutawala akiwa na miaka 20. Mnaolea vijana wa miaka 20 mnaelewa.

Hali yake ilikuwa mbaya kweli, tusimdharau haraka. Resini alimnyang'anya Elathi, bandari ya kusini. Waedomu wakaingia wakachukua mateka. Wafilisti wakateka miji ya Shefela. Peka alifanya mauaji makubwa, na 2 Mambo ya Nyakati 28 inasema wanawake na watoto 200,000 walichukuliwa mateka kwenda Samaria. Hapa nisimame kidogo, kwa sababu kuna jambo ambalo wahubiri wa vita hawalihubiri. Kule Samaria, upande wa adui, kulikuwa na nabii wa Bwana jina lake Odedi. Alitoka akalikuta jeshi likirudi na ushindi, akalikemea mbele ya watu wote. Wakuu wanne wa Efraimu wakasimama naye. Wale mateka wakavikwa nguo, wakapewa viatu, chakula na maji, wakapakwa mafuta, waliochoka wakapandishwa punda, wakarudishwa mpaka Yeriko. Vita vilikuwa bado vinaendelea! Ukitaka kujua Mungu alikuwa upande gani siku hiyo, angalia wale punda.

Sasa turudi kwa Ahazi. Isaya 7:2 inaeleza moyo wake na mioyo ya watu wake ikitikisika kama miti msituni upepo unapovuma. Mungu akamtuma Isaya akutane naye, na akamwambia mahali kamili: mwisho wa mfereji wa birika la juu, kwenye njia kuu ya Uwanja wa Dobi. Shika mahali hapo, tutarudi hapo. Kwa nini mfalme yuko kwenye mfereji? Mji ukizingirwa, kitu cha kwanza kuuangusha ni maji. Nadhani Ahazi alikuwa anakagua maji. Ni kazi ya busara, mimi pia ningeifanya.

Isaya hakuja peke yake. Alikuja na mtoto wake wa kiume, Shear-yashubu, jina lenye maana kwamba mabaki watarudi. Tazama hao wazazi wawili. Isaya amemshika mwanawe mkono. Na Ahazi, kwa mujibu wa 2 Wafalme 16:3, ni mtu aliyempitisha mwanawe motoni.

Ujumbe ulikuwa mfupi. Tulia, usiogope. Wale wafalme wawili ni vijinga vya kuni vilivyokwisha kuungua, vimebaki kufuka moshi. Mpango wao hautasimama. Lakini kuna sharti: usipoamini, hutathibitika. Kisha Mungu akafanya jambo la ajabu, akamwambia Ahazi achague ishara yoyote, kutoka chini kuzimu ama juu mbinguni. Ahazi akajibu kwa lugha ya kanisani. Akasema hataomba, hataki kumjaribu Bwana. Ukisikia hivyo unaweza kusema, mfalme mcha Mungu! Lakini soma 2 Wafalme 16:7. Tumaini lake lilikuwa Ashuru. Watu wengi hukataa neno la Mungu kwa maneno ya kiroho, na mchungaji ndiye wa mwisho kugundua.

Basi Bwana akatoa ishara mwenyewe: mtoto atazaliwa, Imanueli, na kabla hajajua kukataa mabaya na kuchagua mema, nchi za wale wafalme wawili zitakuwa zimeachwa. Katika sura ya 8 anazaliwa mtoto mwingine, wa Isaya, mwenye jina refu kuliko yote katika Biblia, Maher-shalal-hash-bazi, yaani nyara zinakuja mbio. Kabla huyo hajaweza kuita baba na mama, utajiri wa Dameski na nyara za Samaria zitabebwa kwenda Ashuru.

Akina mama, nawauliza ninyi. Mtoto huanza kuita baba na mama akiwa na umri gani? Mwaka mmoja na kitu. Mwanamke yeyote wa Yerusalemu angeweza kuhesabu unabii huo kwa meno ya mtoto wa jirani. Na haikuishia hapo. Isaya aliambiwa aandike jina hilo kwenye ubao mkubwa, kwa maandishi ya kawaida ambayo watu wanasoma, na aweke mashahidi wawili, Uria kuhani na Zekaria. Unabii wa Isaya ulikuwa na muda, maandishi na mashahidi, na vyote viliwekwa wazi kabla ya tukio. Wangu wa 2013 haukuwa na chochote, ulikuwa na spika kubwa.

Lakini Ahazi hakungoja mtoto akue. Alituma wajumbe kwa Tiglath-pileseri kumwambia, mimi ni mtumwa wako na mwana wako, njoo uniokoe. Akakusanya fedha na dhahabu ya nyumba ya Bwana na ya hazina ya mfalme, akapeleka. Mwana wako! Mfalme wa ukoo wa Daudi, ambaye Mungu aliahidi katika 2 Samweli 7 kwamba atakuwa baba kwake, anaenda kutafuta baba mwingine na kumlipa.

Tiglath-pileseri alikuja. Kumbukumbu za Ashuru za mwaka kwa mwaka zinaonyesha aliingia Ufilisti mwaka 734 KK, kisha miaka miwili iliyofuata, 733 na 732, akawa juu ya Dameski. Kaskazini mwa Israeli alipita kama gharika. 2 Wafalme 15:29 inataja Iyoni, Abel-beth-maaka, Yanoa, Kedeshi, Hazori, Gileadi, Galilaya, nchi yote ya Naftali. Hazori imechimbwa. Yigael Yadin na wenzake, miaka ya 1950, walikuta tabaka la mji lililoharibiwa wakati huo, na ndani yake kipande cha mtungi kilichoandikwa jina Peka. Sisemi lazima awe ni mfalme mwenyewe, jina lingeweza kuwa la mtu mwingine. Lakini fikiria mtu aliyeuweka mtungi wake ghalani, akidhani atarudi jioni.

Dameski yenyewe ilizingirwa. Tiglath-pileseri anajisifu kwamba alimfungia Resini kama ndege ndani ya tundu, akaikata miti ya bustani zake, akaangamiza miji 591 ya wilaya 16 za Shamu, ikawa kama vichuguu baada ya gharika. Mwaka 732 KK mji ukaanguka. 2 Wafalme 16:9 inasema watu walipelekwa Kiri na Resini akauawa. Peka naye aliuawa na Hoshea, na Tiglath-pileseri anadai yeye ndiye aliyemweka Hoshea kitini. Vijinga vyote viwili vikazimika. Yule mtoto wa Isaya alikuwa bado mdogo wa kubebwa mgongoni.

Sasa rudi Isaya 17. Usiishie mstari wa kwanza kama yule wa video, na kama mimi. Mstari wa 3 unaitaja Efraimu pamoja na Dameski, ngome inaondoka kwa mmoja na ufalme unaondoka kwa mwingine. Ni akina nani hao wawili? Ni Peka na Resini! Ni vita hii hii. Na kweli ufalme uliondoka Dameski mwaka ule. Shamu ikawa jimbo la Ashuru, na ule ufalme wa Waaramu haukusimama tena. Mji ulijengwa upya baadaye. Saulo aliukuta pale katika Matendo 9, na barabara yake iitwayo Nyofu, na nyumba ya Yuda, na Anania. Kwa hiyo ukiniuliza Dameski ya Isaya 17 ilianguka lini, nitakujibu bila kutetemeka: mwaka 732 KK.

Najua kuna mtu anaandika chini hapo, "Lakini Pastor, unabii unaweza kutimia mara mbili, mbona Imanueli?" Ni kweli. Mathayo 1:23 inatuonyesha kwamba neno lile kuhusu mtoto lilifika kimo chake chote alipozaliwa Yesu. Lakini aliyeandika hivyo ni Mathayo, kwa Roho Mtakatifu. Mimi si Mathayo, na mtu wa video pia si Mathayo.

Lakini mambo ya Ahazi hayakuisha. Adui zake wamekufa, alichotaka kimetokea. Nini tena? Isaya alikuwa amesema, katika 8:6-8, kwamba watu hawa wameyakataa maji ya Shiloa yanayokwenda taratibu, basi wataletewa maji ya ule Mto mkubwa, yaani Frati, na yatapita Israeli yaingie Yuda mpaka shingoni. Hapa mjini tunajua mambo hayo. Mtu ana deni dogo la duka, linamnyima usingizi, anaenda kwa shailoki. Deni la duka limelipwa asubuhi hiyo hiyo. Sasa ana shailoki.

Kule Nimrud, katika Iraki ya leo, kulipatikana bamba la udongo lenye orodha ya wafalme waliomlipa Tiglath-pileseri kodi. Wamo wa Amoni, Moabu, Ashkeloni, Edomu na Gaza, na katikati yao Yehoahazi wa Yuda. Huyo ni Ahazi wetu, kwa jina lake lote, ambalo lina jina la Mungu ndani yake na maana yake ni kwamba Bwana ameshika. Biblia yetu inamwita Ahazi tu. Ameshika, lakini nani ameshika haijasemwa tena.

Alisafiri kwenda Dameski kumlaki bwana wake mpya katika mji ulioanguka. Huko akaona madhabahu, akaipenda. Akatuma mchoro na vipimo Yerusalemu kwa kuhani, naye kuhani akaijenga kabla mfalme hajarudi. Madhabahu ya shaba ya Bwana ikasogezwa kando. Kuhani huyo ni nani? 2 Wafalme 16:10 inamtaja: Uria. Ni yule yule shahidi wa ubao. Alisoma unabii kabla, aliuona ukitimia, jina lake liko kwenye ushahidi, na bado mfalme alipotuma mchoro hakuuliza swali hata moja. Wapendwa, mstari huu hunisumbua kuliko Tiglath-pileseri. Mimi ni mtumishi kama Uria. Niombeeni.

Na 2 Mambo ya Nyakati 28:20 inafunga hesabu kwa ukali: mfalme wa Ashuru alikuja kwake akamtesa, wala hakumtia nguvu.

Samaria ilianguka mwaka 722 KK, na Sargoni anadai kuwahamisha watu zaidi ya 27,000. Sasa kati ya Yuda na Ashuru hapakuwa na ukuta tena. Mwaka 701 KK yale maji yakafika shingoni. Senakeribu aliteka miji 46 ya Yuda yenye maboma, kwa hesabu yake mwenyewe, na kuanguka kwa Lakishi alikuchonga kwenye kuta za jumba lake Ninawi. Mawe hayo yako London leo, kwenye British Museum, unaweza kuwaona mama na watoto wa Yuda wakitembea uhamishoni. Mwana wa Ahazi, Hezekia, ndiye mfalme. Hata yeye alijaribu kwanza dawa ya baba yake: aliondoa dhahabu kwenye milango ya hekalu akalipa. Haikusaidia. Amiri wa Ashuru akaja na jeshi, na Isaya 36:2 inatuambia alisimama wapi kutukana mji. Mwisho wa mfereji wa birika la juu, kwenye njia kuu ya Uwanja wa Dobi.

Mahali pale pale! Miaka thelathini na kitu imepita. Pale ambapo baba alipewa neno la bure akalikataa, pale pale yule aliyeitwa kuokoa amesimama na jeshi kumdai mwana.

Hezekia alichukua barua ya vitisho, akapanda nayo nyumbani mwa Bwana, akaikunjua mbele zake. Mnajua kilichotokea usiku ule katika sura ya 37. Senakeribu aliandika kwamba alimfungia Hezekia kama ndege tunduni, mfano ule ule aliotumia Tiglath-pileseri kwa Resini. Lakini kwa Resini tundu lilifunguliwa na kifo. Kwa Hezekia, Senakeribu anaorodhesha miji, mateka na kodi, na hakuna mahali anaposema aliingia Yerusalemu.

Kuna nchi moja ambayo sijaimaliza, ile ya Naftali na Galilaya, iliyokuwa ya kwanza kumezwa. Isaya 9:1 inaikumbuka: nchi ya Zabuloni na Naftali ilidharauliwa kwanza, na huko huko watu wa gizani wataona nuru. Miaka zaidi ya 700 baadaye Yesu aliondoka Nazareti. Hakwenda kuanzia Yerusalemu. Alikwenda kukaa Kapernaumu, na Mathayo 4:13-16 inasema ni kwa sababu hiyo, kwamba ni mpakani mwa Zabuloni na Naftali. Alianza na wale waliopotea kwanza.

Dada yangu wa karo, lipa muhula wa pili, na wa tatu pia. Jumatano saa kumi na mbili jioni tutasoma Isaya 8 yote. Njooni na Biblia zenu.